Ratiba ya Watu Wanne

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Shule yetu ilielea miaka ishirini na mbili, na aliyeiunda ratiba yake ni mimi hapa. Madarasa kumi na sita, walimu ishirini na tisa, maabara moja, na hakuna Jumatatu hata moja walimu wawili waliyogongana mlangoni. Siku ya wazazi mwalimu mkuu alipigiwa makofi. Mimi nilipigiwa kelele mwaka mzima. Huyu hataki kipindi cha mwisho, yule hataki kufundisha baada ya chai, wa tatu ana mtoto wa kumpitia shuleni. Nilikuwa nawasikiliza wote, halafu nafanya ninavyoona mimi. Wangeachiwa wenyewe, tungefundishana kwenye korido.

Ndipo wakanibatiza Kengele. Usoni hakuna aliyethubutu, lakini shule haina siri, jina nililisikia kwa wanafunzi. Akutukanae hakuchagulii tusi, wala sikulikasirikia sana. Kengele ikilia watu si wanakwenda? Basi.

Huu ni mwaka wa tatu tangu nistaafu. Nina vyumba viwili na jiko, na dirisha la jiko linatazama ukuta wa jirani. Mume wangu alitangulia zamani. Mwanangu ni mmoja tu na yuko mbali kikazi. Hunipigia Jumapili saa nne asubuhi, dakika kumi na tano, akaniuliza nimekula nini. Mficha uchi hazai, kwa hiyo nitasema: kuna wiki ambazo kutoka Jumapili hadi Jumapili sauti yangu naisikia dukani tu, nikisema nipe mkate, si huo wa juu, ule wa chini. Siku moja nilimkaripia mtangazaji wa redio kwa kuchelewesha taarifa ya habari, kisha nikajikuta nimesimama na mwiko mkononi, nangoja anijibu.

Mwalimu mkuu wetu wa zamani alipofariki, tulikutana mazikoni wanne tuliokuwa tukikaa meza moja katika chumba cha walimu. Mimi; Matroni wa bweni la wasichana, mwanamke mnene asiyeweza kuzungumza nawe bila kukushika mkono; Mwalimu wa Jiografia, ambaye kafundisha milima na maziwa miaka thelathini na hajapanda hata kichuguu; na Mkutubi, mwanamume mpole aliyezoea kunong'ona hata akiwa sokoni. Miaka yote niliyokaa naye meza moja sikuwahi kumsikia akicheka. Wote tumestaafu.

Tulilia, tukafutana machozi, na Matroni akasema kile wanachosema watu wote makaburini.

"Jamani, sisi tutakuwa watu wa kukutana misibani tu? Twendeni mahali. Siku nne, tano, tukae, tucheke, kabla hatujaanza kuzikana wenyewe kwa wenyewe."

"Twendeni jijini," Mwalimu wa Jiografia akadakia. "Ni mwendo wa saa nne tu kwa basi. Ukishafikia pale, ziwa unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo, chemchemi za maji moto unakwenda na kurudi. Nimezifundisha hizo chemchemi mpaka nimezichukia, angalau nikazione."

"Nani atapanga?" Mkutubi akanong'ona.

Wakanitazama wote watatu. Mungu anisamehe, nilikuwa nimetoka kumzika mtu, lakini siku ile nilirudi nyumbani sikanyagi chini.

Nilipanga miezi miwili. Msidhani kumpangia mstaafu safari ni mchezo. Kijana unampa ramani na chupa ya maji, kwisha kazi. Mstaafu ana goti, ana presha, ana kibofu. Nilipiga simu nyumba ya wageni mpaka mama wa mapokezi akaijua sauti yangu kabla sijasema haloo.

"Kutoka mlango wa nje mpaka vyumbani kuna ngazi ngapi?"

"Chache tu, mama."

"Chache ndiyo ngapi? Nenda ukahesabu, mimi nangoja."

Akaenda, akarudi anahema. "Saba."

"Zina mahali pa kushika?"

Zilikuwa na mahali pa kushika. Vyoo vilikuwa vya kukaa. Kifungua kinywa walianza saa moja, nikawabana mpaka wakakubali saa kumi na mbili na nusu, maana Mwalimu wa Jiografia ana kisukari na tumbo lake halingoji mpishi ajinyooshe. Siku ya kufika, Jumatatu, sikuweka matembezi, ni kukunjua miguu tu. Jumanne ziwani. Jumatano karibu karibu, asubuhi makumbusho, ambako niliuliza kwanza kama lifti inafanya kazi, na mchana miguu juu ya mto. Alhamisi chemchemi. Ijumaa nyumbani. Safari mbili za mbali hazifuatani, na kila safari lazima iwe imerudi kabla ya saa kumi jioni. Nikapata dereva mwenye gari la ngazi fupi, nikamtajisha vyoo vyote vya njiani, na kile alichosema "hicho si kibaya sana" nikakifuta.

Halafu nikaichora. Nilinunua karatasi ya manila na kalamu za rangi nne, nikapiga mistari, siku juu, vipindi ubavuni, kila kipindi dakika arobaini, kwa sababu mimi maisha sijui kuyakata vipande vya namna nyingine. Goti la Matroni nililipa nafasi yake: Jumanne, kipindi cha tano, dakika ishirini za kwanza, benchi la kwanza baada ya geti la ziwani, KUPUMZISHA GOTI LA MATRONI. Kila saa moja na nusu, CHOO, WOTE. Chini kabisa nikaweka zamu. Mkutubi kuamsha wenzake saa kumi na mbili kasorobo. Mwalimu wa Jiografia kuhesabu watu kila tunapopanda gari. Matroni sanduku la huduma ya kwanza, na kuhakikisha kila mtu amemeza dawa zake mbele yake. Na mstari wa mwisho, kwa wino mwekundu: Atakayeshindwa kuhudhuria kipindi atoe taarifa siku moja kabla.

Wakati ule niliona ni busara tupu. Nikanakili kwenye karatasi ndogo tatu kwa mkono wangu, nikazitia kwenye bahasha, nikawapelekea.

Nilitaka mambo yaende vizuri. Tena acheni niseme yote: nilitaka watu. Vyumba vilikuwa viwili, vitanda viwiliviwili, wanaume kule, mimi na Matroni huku. Nilitaka siku tano za kuamka na kumsikia mtu mwingine akikohoa, akilalamika, akiuliza nani kahamisha miwani yake. Ratiba yote ile, na rangi zake nne, ilikuwa ya kutafuta hicho tu.

Wa kwanza kuanguka alikuwa Mwalimu wa Jiografia, wiki moja kabla. Amepata wageni wa ghafla, ndugu wa mke wake, wengi, tena wa kukaa. Alieleza kwa kirefu, kama kawaida yake, mpaka nikajua na walikotoka na walichobeba. Nikasema haya, tumebaki watatu.

Siku ya pili yake akapiga Mkutubi.

"Dada, sitaweza."

"Kwa nini huwezi?"

"Sitaweza tu, dada."

"Unaumwa?"

"Hapana, dada. Sitaweza."

Mtu hata uongo hajui kuutunga! Nikamwambia kwa heri kabla hajaninong'oneza mara ya nne. Nikasema haya, tutakwenda wanawake wawili, tena ndiyo vizuri, wanaume safarini ni mizigo.

Zikiwa zimebaki siku mbili, simu ikalia, Matroni.

"Mwenzangu, goti."

"Goti nimelipangia!"

"Najua umelipangia. Ndiyo hivyo tena, limekataa."

Nilimpa pole, maana nimelelewa. Nilipokata simu nikawatukana wote watatu hapo hapo jikoni, mmoja mmoja, kwa vyeo vyao, nikaupigia ule ukuta wa jirani makelele mpaka koo likakauka. Halafu nikakaa kwenye stuli nikalia. Sikulia kwa ustaarabu kama mazikoni. Nililia kama mtoto aliyeachwa getini wenzake wameshachukuliwa wote.

Kubaki nyumbani? Ng'o! Ratiba yangu haijawahi kufutwa kwa ajili ya mtoro. Jumapili mwanangu alipopiga akauliza, "Mama, na wenzako wote wanakwenda?" Nikasema wote. Akafurahi sana. Akasema sasa moyo wake umetulia, maana alikuwa na wasiwasi na mimi.

Jumatatu saa nane mchana nikafika. Mama wa mapokezi, kumbe ni mwanamke wa makamo mwenye miwani shingoni, akasimama.

"Shikamoo mama. Lazima ni wewe. Karibuni sana. Wenzako wako nyuma?"

"Marahaba. Hawaji."

Aliangalia daftari lake, akaniangalia mimi. "Basi nikubadilishie, nikupe chumba cha kitanda kimoja? Kina dirisha zuri."

"Acha kama ilivyo."

Chumba kilikuwa safi. Vitanda viwili, taulo mbili zimekunjwa, glasi mbili zimepinduliwa juu ya sahani. Nikaweka mkoba wangu kwenye kitanda cha Matroni ili kisionekane kitupu. Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi niliamka mwenyewe, na saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimekaa kwenye chumba cha chakula, peke yangu, na mpishi aliyelazimishwa kuamka mapema kwa ajili ya kisukari cha mtu ambaye hayupo. Alinimiminia chai huku akipiga miayo. Simlaumu.

Dereva alikuja na gari la viti saba. Nikakaa nyuma yake. Njia nzima tulisimama vyoo vyote nilivyoviandika, na kila tukisimama alizima injini, akanitazama kwenye kioo, nami nikashuka, hata pale nisipokuwa na haja. Tulifika ziwani kwa wakati, dakika kwa dakika. Baada ya geti, benchi la kwanza, kipindi cha tano. Nikakaa.

Kwenye dakika ya kumi na mbili hivi nikajiuliza nimekaa hapa nafanya nini. Goti langu ni zima. Yote mawili ni mazima, ngazi napanda kama mbuzi. Nilikuwa nalipumzisha goti la mtu mwingine, tena mwenyewe yuko kwake. Ningeinuka, lakini zilikuwa zimebaki dakika nane, na kusema kweli sikujua kwingine pa kwenda. Dereva akanifuata.

"Mama, unaumwa?"

"Hapana."

"Umechoka?"

"Sijachoka. Napumzika."

Akakuna kichwa, akarudi kwenye gari lake.

Ziwa lilikuwa zuri, siwezi kulisingizia. Kundi la ndege weupe lilikuwa limejaa majini, mara likanyanyuka lote kwa pamoja bila anayeliongoza, nami nikageuka haraka kusema, tazameni! Aliyekuwa karibu ni muuza kofia. Kwa kuwa neno lilishanitoka, nikamwambia yeye. "Tazama." Akatazama ndege, akanitazama mimi, akaniuliza kama nataka kofia. Nikainunua. Ilinibana.

Jumatano makumbusho yalikwisha kwa nusu ya muda niliouweka. Mtu mmoja haulizi maswali, hapotei, habishani na mwenzake mbele ya kabati la vioo. Saa tisa alasiri nilikuwa nimelala chali, miguu juu ya mto kama ratiba inavyotaka, nikaamua kumpigia Matroni. Niseme nia yangu haikuwa njema. Nilitaka kumsimulia ziwa lilivyokuwa, nimsimulie na ndege, mpaka roho imuume.

"Haloo, hapa ni kwa Matroni, mpishi wake anazungumza!" Ilikuwa sauti ya mwanamume, amejaa kicheko.

Ile sauti nimeisikia miaka ishirini na mbili ikielezea mabonde.

"Mwalimu," nikasema, "wewe si una wageni?"

"Wageni... eeh, wageni..." Nyuma yake kulikuwa na watu. Sufuria ililia, mtu akasema jambo, na mwingine akacheka, kicheko kizito cha mwanamume, kinaanzia tumboni, kinapanda mpaka kinageuka kikohozi. Sikukitambua.

"Nani huyo anayecheka?"

"Ni... ni Mkutubi."

Sikujua kwamba kitu kama hicho kinaweza kuuma. Uongo wa wageni ningeumeza. Lakini Mkutubi anacheka hivyo, na mimi nimekaa naye meza moja muda wote ule sijawahi kukisikia kicheko chake? Nilikaa kitako kitandani.

Nikasikia simu inanyang'anywa. "Mwenzangu," akasema Matroni.

"Goti linaendeleaje? Naona limepona, linapokea wageni!"

"Nisikilize."

"Waongo wakubwa nyie! Wazee wazima! Tangu lini mko hapo?"

"Tangu Jumatatu. Tumetandika magodoro sebuleni." Akavuta pumzi. "Sitakudanganya tena. Goti linauma, lakini haikuwa goti. Nilifungua bahasha yako nikakuta nina zamu. Miaka ishirini na sita nimeshika zamu, nikipita kitanda hadi kitanda na tochi, watoto wa watu. Nimestaafu, mwenzangu, umenipa zamu. Na goti langu umelitangaza, limesomwa na wanaume kama taarifa ya habari. Na choo, wote! Kwa nini wote? Wengine tuna vibofu vyetu wenyewe."

"Nilikuwa nawajali."

"Tunajua. Ndiyo maana tukashindwa kukwambia."

"Mngeniita huko basi."

"Tulitaka. Tuliongea sana habari zako. Tukaogopa."

"Mnaniogopa mimi?"

"Kwani wewe hujui?" akasema, tena bila ubaya wowote, kama anavyomwambia mtoto kwamba ana homa.

Maneno yalinijaa mdomoni. Nilikuwa na ya Matroni, nilikuwa na ya Mwalimu wa Jiografia, na ya Mkutubi yalikuwa makali kuliko yote. Ningeyasema, simu ingekatika, nami ningebaki na haki yangu yote. Nikatazama kitanda cha pili, mkoba umekaa juu yake, taulo haijaguswa tangu nifike. Kule nyuma ya Matroni mtu alikuwa anauliza chumvi iko wapi.

Basi nikasema neno ambalo shuleni nililizoea kuambiwa na wala si kulisema.

"Naomba nije."

Nikasikia kiganja kimefunika simu, na sauti zao zimekuwa mbali, mnong'ono juu ya mnong'ono. Kuhesabu ni ugonjwa wangu, nikahesabu. Ilipata dakika nzima.

"Njoo," Matroni akasema. "Njoo kesho, mwenzangu. Ila..."

"Ila nini?"

"Mkutubi anauliza, utakaa mpaka saa ngapi?"

Iliniuma. Sitasema haikuniuma, iliniuma kuliko goti la uongo na wageni wa uongo ukivichanganya. Na najua aliuliza kwa upole, yule bwana hana namna nyingine ya kuuliza. Walikuwa wananingoja niseme. Niliogopa nikisema siku nzima watarudi kufunika simu.

"Mwambie dakika sitini," nikasema. "Saa moja inanitosha."

"Saa moja? Kutoka huko ulipo mpaka kwangu ni saa nne!"

"Najua ni saa nne."

"Haya, mwenzangu," akasema Matroni. "Saa moja. Tutakungoja."

Nikampigia dereva nikamwambia kesho chemchemi haziendwi. Kisha nikavaa viatu nikaenda mapokezi kuuliza basi la kwanza la asubuhi linaondoka saa ngapi.